Bao la Gombani linalofutika baada ya saa 24

SEPTEMBA 27, 2023, CAF ilipotangaza kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, simu za wapenzi wa soka ziliwaka moto kwa pongezi. Wiki hiyo hiyo Dar es Salaam ilikuwa na ugeni mwingine ambao jina lake la kifupi lingemchanganya shabiki yeyote: FIFAfrica. Hapana, hawakuwa watu wa Gianni Infantino. Lilikuwa Jukwaa la Uhuru wa Intaneti Afrika, linaloandaliwa na taasisi ya CIPESA yenye makao yake Kampala. Tangu 2014 jukwaa hilo linawakutanisha wanaharakati, waandishi, wanasheria na watu wa serikali kujadili kuzimwa kwa intaneti, ulinzi wa taarifa binafsi, matusi ya mtandaoni na watu wanaoachwa nyuma teknolojia inaposonga mbele.

Mtu wa mpira akisikia orodha hiyo anageuza ukurasa. Intaneti kuzimwa na taarifa binafsi vinahusiana nini na mchezo wa Chipukizi na Mwenge pale Gombani? Vinahusiana sana, tena Pemba kuliko Dar.

Tangu wakati huo makongamano, warsha na semina za mitandao ya kijamii zimekuwa nyingi, Bara na Visiwani. Maafisa habari wa klabu wanaalikwa, waandishi wa michezo wanaalikwa. Wanarudi na begi, fulana, cheti na picha ya pamoja, na hiyo picha ya pamoja huwa imeshapostiwa kabla ya chai ya saa nne. Mafunzo wanayorudi nayo yanafanana: posti kila siku, rusha mechi laivu, fungua chaneli ya YouTube uingize pesa, jenga jina la klabu. Mifano inayotolewa ni ya Simba na Yanga, ambako afisa habari ni nyota kamili na akifungua mdomo mbele ya kamera jiji linasimama.

Ushauri huo si mbaya. Tatizo ni kwamba umekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na klabu ya Wete au Chake Chake ikiuvaa kama ulivyo unaipwaya.

Mpira wa Pemba una hali yake. Kwa sensa ya 2022 kisiwa kina watu 543,441, na kina uwanja mkubwa mmoja wa kutegemewa, Gombani. Januari 2025 uwanja huo ulipata sherehe ambayo watoto wa leo watawasimulia wajukuu. Kombe la Mapinduzi lililetwa Pemba, likachezwa na timu za taifa badala ya klabu: Zanzibar, Tanzania Bara, Kenya na Burkina Faso. Januari 13, Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Kwa siku hizo chache Pemba ilionekana. Kamera za televisheni zilikuwepo, wapiga picha walikuwepo, mabao yakazunguka kwenye simu mpaka Muscat na London.

Halafu kamera zikapanda boti. Ligi ikaendelea, vijana wakaendelea kufunga, na kiza cha picha kikarudi kama kilivyokuwa.

Hapo ndipo lilipo suala lenyewe. Siku hizi karibu kila mechi Gombani kuna mtu ameinua simu. Kwa hiyo si kweli kwamba mpira wa Pemba haupigwi picha. Unapigwa, ila hautunzwi. Bao linarekodiwa, linawekwa kwenye WhatsApp status, watu wanaliona usiku kucha, na baada ya saa 24 limekwenda. Stori za Instagram nazo vivyo hivyo. Ukipita barazani wiki moja baadaye utasikia mazungumzo ya namna hii:

“Sheikh, ile klipu ya bao la juzi bado unayo?”

“Nilikuwa nayo. Simu ikajaa, nikaifuta.”

Basi, bao hilo halipo tena. Limebaki kwenye vichwa vya waliokuwepo na kwenye mstari mmoja wa matokeo gazetini. Mfungaji mwenyewe akitakiwa na kocha wa Unguja au Bara atume video zake, anaanza kuwapigia simu marafiki mmoja mmoja kuomba vipande.

Wanaodhani hili ni jambo dogo waangalie njia wanayopita wachezaji wa Zanzibar kwenda kwenye pesa. Feisal Salum aliondoka JKU kwenda Yanga mwaka 2018. Ibrahim Hamad ‘Bacca’ aliondoka KMKM kwenda Yanga mwanzoni mwa 2022. Zote mbili ni klabu za Unguja, karibu na Amaan, karibu na macho ya watu. Kijana wa Konde au Micheweni mwenye kipaji kama hicho ana kazi mbili: kwanza acheze vizuri, pili apande boti Mkoani ahamie Unguja ili aonekane anacheza vizuri. Hiyo ya pili si kila mzazi ana uwezo wa kuigharamia, na si kila kijana ana ndugu wa kumpokea mjini. Skauti naye hawezi kuvuka bahari kumfuata mchezaji ambaye hajawahi kumuona hata kwa sekunde kumi.

Sasa turudi kwenye ule ushauri wa semina tuupimie hapa hapa Gombani.

Tuanze na laivu, maana ndiyo inayopendwa kuliko zote. Kurusha picha ya ubora wa kawaida kunahitaji kasi ya kama megabiti mbili kwa sekunde. Dakika 90 ni sekunde 5,400. Piga hesabu: ni megabaiti 1,350, yaani gigabaiti moja na zaidi ya theluthi, bila dakika za nyongeza wala mapumziko. Hiyo ni mechi moja, na bado mtandao wa simu uwanjani uwe umetulia, jambo ambalo watu wakijaa jukwaani huwa ni la kuombea dua. Mtazamaji naye huko nyumbani anatumia kiasi hicho hicho kwenye bando lake. Mwisho wa yote laivu inakatika dakika ya 60, na bao linafungwa dakika ya 62.

Kipande cha sekunde 30 kinachoonesha bao, kwa ubora ule ule, ni megabaiti saba na nusu. Ukirusha mechi nzima umetumia bando la vipande 180. Kwa klabu inayochangishana nauli ya boti, uamuzi hapo haupaswi kuchukua muda. Rekodi mechi kwenye simu au kamera bila kurusha, kata mabao na matukio muhimu, tuma vipande jioni mtandao ukitulia. Anayetuma kwa WhatsApp akitume kama faili, kwa sababu kikienda kama video ya kawaida ubora unabanwa na namba ya jezi haisomeki tena. Mambo haya ya kawaida kabisa ndiyo ambayo semina nyingi hazigusi. Labda kwa sababu hayapendezi kwenye slaidi.

Laivu ina mtego mwingine uliowanasa wengi. Februari 2025 kampuni ya Meta ilitangaza kuwa video za laivu za Facebook zitakaa siku 30 tu, kisha zinafutwa. Zile za zamani nazo wenyewe walipewa muda wa kuzipakua, muda ukiisha zifutwe. Klabu na mashabiki waliokuwa wanaamini kwamba “iko Facebook” maana yake “imehifadhiwa” walikuwa wanaweka mali yao kwenye ghala la mtu ambaye anaweza kubadilisha kufuli asubuhi yoyote. Hakuna aliyewadhulumu kisheria. Ghala ni lake.

Halafu kuna pesa za YouTube. Wakufunzi wanapenda kuzitaja kwa sababu zinaamsha watu waliolala baada ya chakula cha mchana. Sharti la kawaida la kuanza kulipwa matangazo ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama klabu ya Pemba inaweka klipu za dakika moja moja, na kila mtazamaji akaitazama yote bila kuruka, inahitaji kutazamwa mara 240,000 kwa mwaka. Simba inapata hiyo kabla ya kifungua kinywa. Kwa timu ya Ligi Kuu ya Zanzibar kutoka kisiwa chenye watu nusu milioni, si kitu cha kuwekea bajeti. Chaneli ifunguliwe, ndiyo, lakini kama kabati la kumbukumbu. Pesa yake itakuja kwa njia nyingine: kijana mmoja akiuzwa kwa sababu video zake zilipatikana, klabu inaingiza kilichozidi matangazo ya miaka kadhaa.

Wapemba hawahitaji kufundishwa hili kutoka mbali. Sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka kisiwani hapa, na kila mkulima anajua kwamba karafuu iliyochumwa ikaachwa kwenye pishi bila kuanikwa haifiki kwenye mizani ya ZSTC. Inachambuliwa, inaanikwa jamvini, inageuzwa, inaanuliwa mvua ikitanda, ndipo inapimwa na kuandikiwa risiti. Mabao yetu tunayachuma, kisha tunayaacha chini ya mkarafuu.

Kisingizio cha umeme nacho hakina nguvu kama zamani. Mpaka mwaka 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika, Pemba ilikuwa inategemea majenereta. Aliyeandika habari za michezo enzi hizo alikuwa na sababu ya kweli ya kuchelewesha matokeo. Leo mtu ana simu yenye kamera mfukoni na chaji ya kutosha, na bado ukitaka orodha ya wafungaji wa timu ya Pemba ya misimu mitano iliyopita utaambiwa umtafute mzee fulani, yeye anakumbuka. Mzee anakumbuka kweli, Mungu amzidishie umri. Lakini Jamhuri ya Wete, iliyowahi kuiwakilisha Zanzibar kwenye michuano ya CAF, haistahili historia yake ikae kwenye kichwa cha mtu mmoja.

Mada ya kuzimwa kwa intaneti, ile iliyoonekana ya wanaharakati pale Dar es Salaam, imekuja kuwagusa watu wote. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa na haikurudi mpaka Novemba ilipoanza. Ukurasa huu si mahali pa kujadili siasa zake. Kwa klabu, swali ni la kazi tu: kama kila ulichonacho kiko kwenye akaunti moja ya mtandao mmoja, siku hiyo una nini mkononi? Picha za usajili ziko wapi? Ratiba ya wachezaji ikoje? Orodha ya namba za simu za wazazi wa vijana wa chini ya miaka 17 iko kwenye daftari au iko kwenye kundi la WhatsApp ambalo halifunguki?

Na hilo kundi la WhatsApp linahitaji kuzungumzwa peke yake. Wakati wa usajili wa vijana, vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti na namba za vitambulisho vya wazazi vinarushwa kwenye makundi yenye watu mia na zaidi, nusu yao hawajulikani walivyoingia. Nia ni njema, mtu anataka kuharakisha kazi. Lakini Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na cheti cha mtoto ni taarifa binafsi hata kama mtoto huyo ni winga hatari. Na hata bila sheria, mpira wa vijana una mchezo mchafu wa umri, na cheti kinachozagaa ni malighafi ya mtu anayetaka kughushi. Namba ya katibu mmoja tu ingetosha kupokea nyaraka hizo.

Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi, na hapa FIFAfrica na wenzao wana hoja ambayo viongozi wa soka hawajaichukulia kwa uzito. Binti wa Pemba anayecheza mpira anacheza kwa ruhusa ya familia, na ruhusa hiyo ni nyepesi kama uzi. Picha yake akiwa mazoezini ikipostiwa bila yeye kuulizwa, ikaandikiwa maneno ya kejeli chini yake, wa kwanza kusikia ni mjomba, na wa mwisho kurudi uwanjani ni yeye. FIFA yenyewe, kwenye Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, ilianzisha huduma ya kuchuja na kuficha matusi yanayotumwa kwa wachezaji mitandaoni. Huduma ya namna hiyo haitafika Gombani kesho. Lakini kuzima maoni chini ya picha za wachezaji watoto ni kitufe kimoja, na kumuuliza binti pamoja na mama yake kabla ya kuposti hakuna gharama hata ya megabaiti moja.

Kuhusu teknolojia ya uwanjani, matumaini yasizidi. Mei 25, 2025 pale Amaan, Wazanzibari waliona VAR ikifuta bao la Simba kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, mechi ikaisha 1-1 na kombe likaenda Morocco. Watu wakatoka wanauliza lini ligi yetu nayo itakuwa na mashine hiyo. Kwa gharama zake, si leo. Kuna mfumo mdogo ambao FIFA iliutumia kwenye Kombe la Dunia la Wanawake chini ya miaka 20 Colombia mwaka 2024: kamera chache, hakuna chumba cha waamuzi wa video, kocha ndiye anayeomba tukio liangaliwe upya, na anazo nafasi mbili kwa mechi. Huo unaweza kuzungumziwa. Ila Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama kamili wa CAF iliopewa Machi 2017 ulifutwa Julai mwaka huo huo, kwa hiyo mafungu ya maendeleo ya FIFA hayaji ZFF moja kwa moja kama yanavyokwenda kwa nchi nyingine. Anayesubiri teknolojia ya kuletewa atasubiri sana.

Ndiyo maana swali gumu kuliko yote halihusu mashine. Linahusu nywila. Kurasa nyingi za klabu ndogo zilifunguliwa na kijana mmoja mwenye mapenzi, kwa namba yake ya simu na barua pepe yake. Amefanya kazi kubwa bila posho wala ahsante. Siku akipata ajira Dar, akigombana na mwenyekiti, au akibadilisha laini, ukurasa unakwenda naye. Klabu inafungua mwingine wenye jina lile lile na herufi moja ya ziada, na wafuasi wanaanza kuhesabiwa kutoka sifuri. Timu ambayo ina mhuri, ina akaunti ya benki yenye watia saini watatu, haina hata mtu mmoja wa kamati anayejua nywila ya Facebook.

Na wala haihitaji ofisi. Ligi ya timu 16 kwa nyumbani na ugenini ina mechi 240. Hata tukisema kila mechi itoe mabao matatu, ni mabao 720 kwa msimu. Kwa klipu za sekunde 30, zile za megabaiti saba na nusu, mabao yote ya ligi nzima, Unguja na Pemba, ni gigabaiti tano na nusu hivi. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64, hizi zinazouzwa kwenye maduka ya simu pale Chake Chake, inabeba misimu zaidi ya kumi ikiwa na jina la mfungaji, tarehe na dakika kwenye kila faili. Kadi moja ikae kwa katibu, nakala ikae kwa mtu mwingine wa kamati. Kabla msimu ujao haujaanza, viongozi wa klabu za Pemba waamue kwenye kikao kimoja tu: nani ataishika, na akiondoka ataikabidhi kwa nani.